Supu ya Ajenda ya Nne

Kama hujawahi kukaa kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji cha Mrindi, mshukuru Mungu wako uendelee na shughuli zako. Elinaza yuko humo mwaka wa pili sasa, na siku hizi akipita tu karibu na ile ofisi ya bati, mate yanamjaa mdomoni, yale mate membamba yanayotangulia kutapika. Anayatema pembeni ya njia, watu wanaona, na wala hajali.

Zamani hakuwa hivyo. Walipomchagua kuwa mjumbe alishona kitenge kipya kwa ajili ya vikao, akanunua na daftari lake mwenyewe. Aliamini kwamba watu wazima wakikaa, wakasikilizana, wakaandika, basi kilichoandikwa kitafanyika. Jamani! Mwanamke wa miaka hamsini na nne, amezaa watano, wa kwanza ndiye Elibariki, amezika mume, na bado alikuwa anaamini.

Mambo yenyewe yalianza na ndiva. Ndiva ya Mrindi ni lile bwawa dogo la kuchimbwa lililoko juu ya mashamba. Usiku linajaa maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwenye mifereji mpaka kwenye mahindi na maharage ya kila mtu kwa zamu yake. Likijaa tope hakuna maji, kwa hiyo kila mwaka kabla ya vuli pembe inapulizwa Alhamisi alfajiri, na kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe. Huo ndio msaragambo, na hakuna Mpare wa milimani asiyeujua. Asiyetokea bila ruhusa anatozwa faini, na faini ya Mrindi haina maneno mengi: ukikosa mara moja wanachukua kuku, ukikosa mara tatu wanachukua mbuzi.

Mbuzi wa faini anafungwa nyuma ya ofisi siku kumi na nne, ili mwenyewe apate nafasi ya kujitetea mbele ya halmashauri. Akishindwa, mbuzi anachinjwa, waliofanya kazi wanakula, na mwenyewe anaitwa ale pamoja nao. Akila, yameisha. Amekubali kosa, watu wamemsamehe, hakuna wa kumnunia wala wa kumkumbusha. Ndivyo wazee walivyofanya tangu enzi na enzi, na Elinaza alikuwa akiisifia sana desturi hiyo kwa wageni.

Mwaka huu aliyekosa Alhamisi tatu mfululizo alikuwa Prisca, mama kijana wa kitongoji cha juu. Mumewe ameshuka Bendera, huko tambarare, tangu Machi kutafuta vibarua vya mashamba, nyumbani wamebaki yeye na mtoto wao Agape, msichana wa mwaka mmoja na nusu. Hizo Alhamisi tatu Prisca alikuwa hospitali, huko chini mjini, analala sakafuni pembeni ya kitanda cha mtoto. Agape alikuwa amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu nyekundu, hata kulia alikuwa halii tena. Walipomruhusu, daktari alimsisitizia mama yake jambo moja: maziwa, kila siku, bila kukosa.

Na maziwa Prisca alikuwa nayo. Alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, urithi wa marehemu mama yake, mweupe, ana baka la kahawia mgongoni na sikio la kushoto lililochanika. Jirani ndiye aliyekuwa akimlisha na kumkamua. Prisca akapanda mlima kwa miguu kutoka gari lilipoishia, mtoto mgongoni, mfuko wa dawa mkononi, akafika nyumbani akakuta kamba. Halmashauri ilikuwa imepita.

Alikwenda kwa Elinaza jioni ile ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Agape anaendeleaje?"

"Amerudi, mama. Ila mbuzi wamemchukua. Nimekwenda ofisini kuomba nimkamue tu, nichukue kikombe kimoja cha mtoto, mwenyekiti anasema mali iliyo mikononi mwa serikali haikamuliwi na mtu binafsi."

Haikamuliwi na mtu binafsi! Na kijiji kizima kilijua kwamba kila asubuhi mke wa mwenyekiti anatuma kibuyu nyuma ya ofisi, na chai ya mwenyekiti wiki hizo mbili ilikuwa nyeupe pee. Elinaza alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto.

"Jumanne ya wiki ijayo tuna kikao," alimwambia. "Wewe ni ajenda ya nne. Njoo na karatasi ya hospitali. Mimi mwenyewe nitakusemea, na mbuzi wako utarudi naye umemshika kamba. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Mungu akubariki."

Siku zile za kusubiri, Elinaza alimpelekea kikombe cha maziwa ya mbuzi wake kila alipoweza, lakini mbuzi wake mwenyewe alikuwa na mtoto anayenyonya, hayakutosha. Agape akaanza kuvimba tena kidogo kwenye nyayo. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Jumanne ikafika. Kikao kilikuwa cha saa nne asubuhi, kwa hiyo saa sita mchana watu ndio wakaanza kuingia. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya bati, baridi inapenya mpaka kwenye mifupa. Prisca alikuwepo tangu saa tatu, amekaa kwenye benchi la nje, mtoto amemwacha kwa jirani, karatasi ya hospitali ameikunja ndani ya kanga isilowe.

Elinaza alipofika, kitu cha kwanza aliuliza, "Mbuzi wa watu yuko wapi?"

"Yuko malishoni, Mama Elibariki," akajibu mwenyekiti. "Au ulitaka afe njaa hapa tuonekane wakatili?" Wajumbe wakacheka. Elinaza naye akacheka kidogo, akasaini karatasi ya mahudhurio.

Huyu mwenyekiti, Hezroni, hajawahi kumpigia mtu kelele. Ana sauti laini, ana kofia ya sufu, anakushika mkono kwa mikono yote miwili akikusalimia. Ukitoka kwake umeshakubali jambo na hujui umelikubali saa ngapi.

Wakapitia ajenda ya kwanza, ya pili na ya tatu, kuhusu mifereji, choo cha shule na mbwa wasio na wenyewe. Walikuwa wakimsubiri mgeni wa mradi wa maji aje aikague ndiva, na nyuma ya ofisi Bahati, mchinjaji wa kijiji, alikuwa ameshapika kwa ajili yake. Harufu ya supu ilikuwa inaingia dirishani, watu hawamsikilizi tena anayesema. Mara simu ya mtendaji, kijana Sylvester, ikalia. Akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja.

"Gari limekwama, mwenyekiti. Mgeni haji."

"Basi," akasema Hezroni, "chakula cha mgeni hakitupwi. Na mambo ya watu hayaamuliwi kwa njaa. Tule kwanza, ajenda ya nne tuikute tumeshiba."

Sahani zikaingia. Supu nzito, ndizi, nyama imeiva inaachia mfupa. Elinaza hakuuliza. Tangu lini mtu anauliza nyama ya mgeni imetoka wapi? Inanunuliwa, alijua hivyo, kila mwaka inanunuliwa. Alikunywa bakuli zima la supu, akala vipande viwili, na ilikuwa tamu, aibu yenyewe ndiyo hiyo. Ilikuwa tamu na baridi ile, akalamba na kidole.

Hezroni akamwinamia. "Mama Elibariki, yule binti yuko nje tangu asubuhi. Hebu mpelekee naye sahani, tusionekane wachoyo."

Jamani, Elinaza alimpenda mzee yule kwa dakika hiyo moja. Alisema moyoni, kumbe ana utu. Akachagua vipande vizuri, akaweka ndizi, akamwagia supu, akatoka nayo mwenyewe kwa mikono yake.

"Kula, mwanangu, upate nguvu. Bado kidogo tu tunakuita."

"Asante, mama." Prisca alikuwa anatetemeka kwa baridi. Alikula haraka, kama mtu ambaye hajagusa nyama tangu Pasaka. Vipande viwili alivitenga, akavifunga kwenye jani la mgomba. "Nimwekee Agape," akasema, akatabasamu kwa haya.

Elinaza akarudi ndani moyo umemtulia. Ndipo ajenda ya nne ikaitwa.

Prisca akaingia, akasimama, akatoa karatasi yake. Sylvester akaisoma kwa sauti: tarehe ya kulazwa, tarehe ya kuruhusiwa, mhuri. Alhamisi zote tatu zilikuwa katikati. Elinaza akasimama akasema yake, na alisema vizuri, hata yeye mwenyewe aliona hivyo. Alisema msaragambo haukuwekwa kumkomoa mwenye mgonjwa, na mtoto anayevimba miguu hawezi kungoja desturi. Mzee Aminieli, mjumbe wa zamani kuliko wote, akagonga fimbo chini.

"Huyu hana kosa! Sisi ndio tumekosea, hatukuuliza. Mbuzi arudi kwa mwenyewe leo leo, na mwenyekiti atoe neno la pole."

"Kweli!" wakasema. Mikono ikaanza kupanda, mmoja, mitatu, saba. Prisca akafumba macho. Elinaza akamwona akisogeza midomo, anashukuru.

Sylvester hakuandika. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya daftari. Akakohoa, akamtazama mwenyekiti.

"Mwenyekiti, hapa niandike... mbuzi arudishwe?"

Hezroni alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti. Akakitazama kile alichokitoa, akakifuta kwenye suruali. Polepole kabisa.

"Kabla hujaandika," akasema. "Mama Agape, umekula?"

"Nimekula, baba. Asante."

"Umekula nini?"

"Nyama, baba. Mama Elibariki ndiye aliyeniletea."

"Mmeona?" akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto. "Mgeni alikuwa anakuja, na kijiji hakina nyama nyingine. Tukachinja. Nilijua binti ni mwelewa, atakula nasi, na kweli amekula. Sote tunajua desturi yetu. Aliyetozwa faini akiila, ameikubali. Hapo hakuna tena kesi, hakuna rufaa. Yameisha kwa amani."

Unajua mtu anavyokaa akijua kwamba kilichomo tumboni mwake si chake? Wote walikaa hivyo. Mikono iliyokuwa juu ikaanza kushuka, mmoja mmoja, kwa aibu, halafu kwa haraka. Elinaza akamgeukia Mzee Aminieli, maana yeye ndiye aliyesema arudishwe leo leo. Mzee alikuwa anaitazama sahani yake. Palikuwa na mfupa bado una uboho.

"Kama ameshaliwa," akasema Aminieli, "tukisema hana kosa, si itakuwa sisi ndio tumemwibia? Halmashauri nzima iitwe wezi?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Lazima kosa liwepo. Hata kuomba ruhusa hakuomba. Angetuma mtu." Kisha, Mungu ni shahidi, akauchukua ule mfupa akaufyonza.

Prisca alikuwa bado hajaelewa. Alimtazama Elinaza, si mwenyekiti, Elinaza. Halafu akaelewa. Hakulia. Alikitoa kile kifurushi cha jani la mgomba kutoka kwenye kanga, akakiweka juu ya meza, juu ya karatasi yake ya hospitali, taratibu kana kwamba kitavunjika, akatoka.

Elinaza alitoka mbio kupitia mlango wa nyuma. Hakufika mbali. Alishika ukuta akatapika supu, akatapika ndizi, akatapika mpaka yakabaki maji machungu, na alipoinua uso, ngozi ilikuwa mbele yake. Imewambwa ukutani kwa vijiti, nyeupe, baka la kahawia katikati. Kichwa kilikuwa kwenye beseni. Sikio la kushoto limechanika.

Bahati alikuwa anaosha utumbo. Hakuthubutu kumtazama.

"Mama, mimi niliambiwa nichinje, nikachinja."

"Ulijua ni wa nani?"

"Nilijua." Akaendelea kugeuza utumbo. "Alikuwa na maziwa, mama. Kiwele kimejaa. Nimeyamwaga pale." Akaonyesha kwa kidevu. Mbwa mmoja wa wale wasio na wenyewe, waliojadiliwa kwenye ajenda ya tatu, alikuwa anaramba udongo.

Hapo ndipo Elinaza alipojua kinyaa ni nini. Alidhani anakijua, maana amesafisha wagonjwa, ameosha maiti ya mumewe. Hakuwa anakijua. Kilikuwa kinanuka supu, na kilikuwa kwenye mikono yake mwenyewe, mikono iliyochagua vipande vizuri.

Akarudi ndani anajifuta mdomo. "Mimi siafiki! Andika hapo, Sylvester. Elinaza hajaafiki."

Kijana akainamisha kichwa. Alikuwa ameshaandika. *Wajumbe wote waliohudhuria wameafiki.*

"Umesaini mahudhurio tulipoanza, Mama Elibariki," akasema Hezroni kwa upole. "Hiyo ndiyo inayoambatanishwa. Na wewe ndiye uliyempelekea sahani, si mimi. Ukitaka kwenda kata, nenda, ni haki yako. Wakikuuliza kama ulikula, utawajibu nini?"

"Nitawaambia nilikula. Nitawaambia na wewe ulikunywa chai yake wiki mbili. Unanuka, Hezroni! Wote mnanuka, na mimi nanuka pamoja nanyi!"

"Amechoka," mwenyekiti akawaambia wajumbe. "Tuendelee na mengineyo."

Kata alikwenda. Mara mbili. Walimsikiliza, wakamwambia muhtasari uko sawa, una mhuri. Lakini hayo ni ya baadaye. Jumanne ile ile, kabla jua halijazama, Elinaza alimfungua mbuzi wake wa maziwa pamoja na mtoto wake, akapanda nao kitongoji cha juu.

Prisca alikuwa jikoni, mlango wazi, chungu cha makande kinachemka. Agape amekaa kwenye gunia, ameegemea ukuta. Prisca alimwona Elinaza anakuja tangu kwenye kona. Hakusema shikamoo.

"Mama Agape, nimemleta huyu," Elinaza akasema. "Ni wako. Si wa kuazima. Mashahidi ni majirani zako hawa."

Prisca alisimama akamtazama yule mbuzi kwa muda mrefu, akamtazama na kitoto chake. Kisha akachukua kamba. Angefanyaje? Mtoto alikuwa pale, nyayo zimemvimba. Akachuchumaa akakamua papo hapo kwenye kikombe cha bati, akachemsha, akapoza kwa kumimina kikombe hadi kikombe, akamnywesha mwanawe tone kwa tone. Agape alikunywa yote akashika kikombe kwa mikono miwili, hataki kukiachia.

Makande yalikuwa yameiva. Prisca akapakua sahani moja, akaketi kwenye kigoda, akaanza kula. Elinaza alikuwa amesimama mlangoni na tumbo tupu, ukungu mgongoni, na kwa Wapare, kama kwa watu wote wenye akili timamu, huwezi kumwona mtu amesimama mlangoni pako ukala peke yako.

"Makande yapo mengi, mama," Prisca akasema. "Ila sikupakulii."

"Najua, mwanangu."

"Ukila kwangu yatakuwa yameisha. Hayajaisha."

"Najua."

Elinaza alisubiri pale mpaka sahani ikaisha, maana aliona kuondoka mapema ni kukimbia. Ndipo akashuka.

Watu wanamuuliza kwa nini hajiuzulu. Anasema akitoka yeye, nani atabaki wa kuuliza mbuzi yuko wapi? Kwenye vikao sasa hali kitu, hata karanga. Sahani zikiingia anauliza kwa sauti, "Hii ni nyama ya nani?" na wajumbe wanamchukia kwa hilo, kwa sababu baada ya hapo haiteremki vizuri.

Tangu wakati huo pembe imepulizwa Alhamisi nne. Agape nyayo zimenywea, ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Prisca hakosi msaragambo hata siku moja. Anakuja na jembe, anachimba tope karibu na Elinaza, wanapokezana karai bila neno. Chakula cha kazi kikitoka, watu wakaitana, Prisca anachukua sahani yake, anamtazama Elinaza kidogo, halafu anazunguka kwenda kukaa ng'ambo ya ndiva.